Fundi Cherehani na Boti za Mto Mekong

Mkusanyaji mzoefu wa beji za kijeshi huigeuza beji kabla ya kuisifia sura yake. Upande wa mbele una kila kitu kilichokusudiwa kuonekana: joka, fuvu, bunduki mbili zilizopishana, boti inayopasua maji, namba ya kikosi. Upande wa nyuma una yale ambayo hakuna aliyekusudia kuyaonyesha: uzi ulioruka kutoka herufi moja hadi nyingine bila kukatwa, fundo lililofungwa kwa haraka, kitambaa chepesi kama bandeji kilichowekwa ili kazi isijikunje, rangi iliyoishia njiani ikamaliziwa kwa nyingine inayokaribiana nayo. Mbele ni kauli ya baharia, nyuma ni kazi ya fundi. Beji ninazozizungumzia ni za mabaharia wa Kimarekani waliofanya doria kwenye mito ya kusini mwa Vietnam kati ya 1966 na 1970, na hoja yangu ni kwamba tumezoea kuzisoma upande mmoja tu. Zimehifadhiwa, zimepigwa mnada na zimeandikiwa vitabu kama kumbukumbu za ushujaa. Mimi naziona kwanza kuwa ushahidi wa watu wawili waliokutana kwenye meza ya cherehani katikati ya vita: baharia wa cheo cha chini, aliyetaka alama ambayo jeshi lake halikuwa na desturi ya kumpa, na fundi wa Kivietnamu aliyemtengenezea. Ukimwondoa mmoja wao, hiyo beji huielewi.

Delta ya Mekong ni nchi ya maji. Mto ule hugawanyika mara nyingi unapokaribia bahari, na Wavietnamu huuita Cửu Long, yaani Majoka Tisa, kwa ajili ya midomo yake. Kati ya midomo hiyo kuna maelfu ya mifereji, mingine ya asili na mingine ya kuchimbwa, na katika miaka ya 1960 mchele, samaki, wagonjwa, maharusi na silaha vyote vilipita humo. Barabara zilikuwa chache na mbovu. Wafaransa walilijua hilo mapema. Katika vita vyao vya 1946 hadi 1954 waliunda vikosi vya boti za mtoni vilivyoitwa dinassaut, na walipoondoka waliwaachia Wavietnamu wa kusini boti hizo pamoja na mbinu zake. Marekani ilichelewa. Jeshi lake la majini lilikuwa limejengwa kwa ajili ya bahari kuu, na maofisa wake waliota manowari na meli za kubebea ndege, hawakuota mifereji yenye upana wa uwanja wa mpira. Ndipo tarehe 18 Desemba 1965 kikaundwa kikosi namba 116, na kazi yake ikapewa jina la Game Warden. Boti za kwanza ziliwasili Machi 1966.

Boti zenyewe zastahili kuelezwa, kwa sababu umbo lao ndilo lililoumba maisha ya waliozipanda. Zilijengwa Bellingham, katika jimbo la Washington, na kampuni ya United Boatbuilders iliyokuwa na uzoefu wa boti za starehe. Zilikuwa za faiba, urefu wa mita tisa na nusu hivi, zenye injini mbili za dizeli. Hazikuwa na rafadha. Badala yake zilikuwa na pampu za Jacuzzi, jina ambalo leo watu wanalijua kwa mabafu ya hotelini. Pampu hizo zilifyonza maji chini ya boti na kuyatema nyuma kwa nguvu, hivyo boti ikaweza kwenda zaidi ya kilomita 45 kwa saa mahali ambapo maji hayazidi kiuno cha mtu, ikageuka papo hapo, na ikasimama ghafla katika urefu wa boti chache. Adui mkubwa wa pampu hizo yalikuwa magugu ya mtoni. Mvuvi wa Mwanza au Kisumu aliyewahi kukwamishwa na magugu maji hahitaji kuelezwa zaidi. Mbele palikuwa na bunduki mbili nzito za rashasha zilizofungwa pamoja, nyuma moja, na silaha nyepesi katikati. Kinga ya chuma ilikuwa ndogo mno. Maisha ya mabaharia yalitegemea mwendo wa boti na wepesi wa mpiga rashasha.

Kila boti ilibeba watu wanne: nahodha, fundi wa injini, mpiga rashasha na baharia wa kawaida, na kila mmoja alipaswa kuijua kazi ya mwenzake kwa sababu yeyote angeweza kuanguka. Hapo ndipo lilipo jambo ambalo naliona ni kiini cha historia hii. Nahodha wa boti kwa kawaida hakuwa ofisa. Alikuwa baharia mzoefu wa daraja linalolingana na staff sajenti, mtu ambaye kwenye manowari kubwa angekuwa anasimamia kamba, nanga na rangi, akisubiri amri kutoka juu. Mtoni alikuwa bwana wa chombo chake. Boti zilikwenda mbilimbili, saa kumi na mbili au zaidi kwa zamu, na mara nyingi uamuzi wa kufyatua au kutofyatua, wa kuingia mfereji au kuuacha, ulikuwa mikononi mwake. James Elliott Williams alikuwa mtu wa aina hiyo. Tarehe 31 Oktoba 1966, akiwa na boti mbili za kikosi kidogo cha mtoni namba 531 kutoka My Tho, aliifukuza sampani, mtumbwi wa huko, mfereji baada ya mfereji hadi akajikuta katikati ya kundi kubwa la vyombo vya wapiganaji wa upande wa pili. Mapigano yalichukua saa tatu na vyombo 65 viliharibiwa. Rais Lyndon Johnson alimvisha Nishani ya Heshima Mei 1968, na leo manowari ya Marekani ina jina lake. Mfano wa Williams ni wa kipekee kwa matokeo yake, lakini mamlaka aliyokuwa nayo siku ile yalikuwa mamlaka ya kila nahodha wa mtoni.

Sasa tuulize kwa nini watu hawa walitaka beji. Jeshi la nchi kavu la Marekani lilikuwa na desturi ya alama za begani tangu 1918, wakati divisheni ya 81 ilipokwenda Ufaransa na nembo ya paka mwitu mkononi na wakuu, baada ya mabishano, wakaikubali na wengine wakaiga. Mabaharia hawakuwa na desturi hiyo. Utambulisho wao ulikuwa meli, na alama ya mkononi ilitaja daraja na ufundi wa mtu. Kulikuwa na nyakati chache zilizovunja kawaida hiyo, nazo zinafundisha. Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, mabaharia wa boti ndogo za torpido walipata mbu aliyepanda torpido, mchoro uliotoka studio za Walt Disney. Boti ndogo tena, watu wachache tena, mbali na meli kubwa. Beji ya baharia huchipuka pale ambapo chombo ni kidogo mno kumpa mtu utambulisho na kazi ni ngeni mno kuwa na mila. Boti za Mekong hazikuwa na majina rasmi, zilikuwa na namba. Vikosi vilikuwa vya juzi. Hapakuwa na babu aliyewahi kupigana humo akamwachia mjukuu hadithi.

Lipo na jambo la muda. Mmarekani alikaa Vietnam takriban mwaka mmoja, kisha akarudi kwao peke yake, naye mwingine akaja peke yake kuchukua nafasi yake. Kikosi kilibaki lakini watu wake walibadilika kama maji ya mto wenyewe. Kikosi chenye sura mpya kila mwezi hakiwezi kutegemea kumbukumbu za vichwani, kwa hiyo kilihitaji kitu cha kumkabidhi mgeni siku anapofika na kitu cha kumwachia mwenyeji siku anapoondoka. Beji ilifanya kazi zote mbili. Hata herufi za jina la boti, PBR, ambazo kwa karatasi zilimaanisha tu boti ya doria ya mtoni, mabaharia walizifasiri upya wakazifanya zisimame badala ya fahari, ujasiri na kutegemewa.

Lakini tamaa ya beji haishoni beji. Kambi za doria, kama My Tho, Vinh Long, Sa Dec, Binh Thuy na Nha Be, zilikuwa kandokando ya miji ya watu, na Saigon ilikuwa imejaa maduka ya mafundi. Kuna beji zilizotengenezwa Marekani kwa mashine kubwa na nyingine Japani, ambako tangu mwishoni mwa miaka ya 1940 mafundi wa Yokosuka walikuwa wakiwadarizia Wamarekani majoka na tai kwenye jaketi za hariri. Hata hivyo zinazofundisha zaidi ni zile zilizoshonwa Vietnam. Baharia alileta mchoro kwenye kipande cha karatasi, au alieleza kwa mikono. Fundi aliuhamishia kwenye kitambaa, akakizungusha chini ya sindano ya cherehani kwa mikono yake miwili, akiongeza na kupunguza upana wa mshono kwa jicho tu. Ndiyo maana beji mbili za kikosi kimoja hazifanani kabisa: meno ya fuvu ni sita hapa na saba pale, boti moja imeinua pua na nyingine imelala. Maneno ya Kiingereza mara nyingine yamekosewa tahajia, kwa kuwa aliyeyadarizi aliyaona kama umbo la kuchorwa. Wakusanyaji huyapenda makosa hayo kwa sababu yanapandisha bei. Mimi nayapenda kwa sababu ni sahihi ya fundi, mtu ambaye jina lake halimo katika ripoti yoyote ya kijeshi.

Mkono wa fundi haukuishia kwenye tahajia. Tazama bereti nyeusi ambayo imekuwa alama kuu ya mabaharia wa mtoni wa Marekani. Haikutoka Marekani. Mabaharia wa Kivietnamu wa vikosi vya mtoni walikuwa wakiivaa kabla yao, washauri wa Kimarekani waliokaa nao wakaiiga, na kutoka hapo ikaenea kwenye boti za doria hadi ikawa kana kwamba imezaliwa nazo. Au tazama mahali beji zilipokaa. Wengi walizivaa kwenye mfuko wa kifuani, ambako Wafaransa walikuwa wamezoea kuning'iniza beji zao za chuma na ambako wanajeshi wa Vietnam ya kusini walivaa za kwao. Joka nalo halina kwao katika nembo za majini za Marekani, lakini liko kwenye jina la mto na kwenye paa za mahekalu ya delta. Mmarekani alidhani anaagiza alama ya ukali wake. Fundi alimpa joka alilolijua, na joka la kwao ni mleta mvua na babu wa taifa. Katika nchi yetu ya kanga tunapaswa kulielewa hili haraka kuliko wengine. Hakuna anayeisoma kanga kwa maua peke yake akadhani ameimaliza. Anauliza jina lake, nani kaivaa, mbele ya nani, na kiwanda gani kimeitoa.

Kuna pingamizi zito la kwanza: beji hizi hazikuwa rasmi. Nyingi hazikuidhinishwa na mkuu yeyote, nyingine zilitengenezwa kwa mzaha wa usiku mmoja, na mtu angeweza kuagiza beji ya kikosi ambacho hakukitumikia. Mwanahistoria anazo kumbukumbu za boti, ripoti za baada ya mapigano na maagizo ya makamanda. Kwa nini ahangaike na vitambaa? Nakubali kwamba beji haiwezi kutwambia nani alipigana wapi saa ngapi, na atakayeitumia hivyo atapotea. Lakini ripoti nazo ziliandikwa kwa ajili ya wakubwa, kwa lugha ya wakubwa, na yale ambayo baharia wa chini alijiambia kuhusu kazi yake hayakuwa na safu ya kujazwa. Kutokuwa rasmi ndiko kunakoipa beji thamani. Isitoshe, kitambaa na karatasi husaidiana. Vikosi vidogo vya mtoni viliitwa sehemu mwanzoni, kisha vikapandishwa kuwa divisheni. Beji inayotaja jina la kwanza na beji inayotaja jina la pili, zikiwekwa kando ya maagizo ya makamanda, zinaonyesha jinsi mabaharia walivyoyapokea mabadiliko hayo, walivyobeba mchoro wa zamani wakabadilisha neno moja tu.

Faida hiyo inaonekana vizuri zaidi tukitazama doria ambayo haikutakiwa kuonekana. Mwaka 1965, kabla boti za Mekong hazijafika, Marekani kupitia CIA ilikuwa na boti za doria kwenye Ziwa Tanganyika. Mabaharia wake walikuwa Wakuba waliomkimbia Castro, na kazi yao ilikuwa kuzuia silaha na watu waliovuka kutoka Kigoma kwenda kwa waasi wa Simba upande wa Kongo, ambako Che Guevara mwenyewe alikuwa amepiga kambi. Kazi ilikuwa ileile: kukagua mitumbwi usiku, kumtenganisha mvuvi na mpiganaji, kutegemea mwendo. Lakini kazi ya siri haitaki alama begani, kwa maana alama ni tangazo, inamwambia anayekutazama wewe ni wa nani. Mabaharia wa Mekong walijitangaza mbele ya wenzao wa meli kubwa waliowadharau, na mbele ya wenyeji waliokuwa wakiwakagua. Yule wa Ziwa Tanganyika alipaswa kuwa mtu wa hakuna mahali.

Pingamizi la pili linatoka kwa wafanyabiashara wa beji wenyewe: soko limejaa bandia. Ni kweli. Vita vilipokwisha, mashine, michoro na mikono havikutoweka. Vietnam ilipofungua milango kwa watalii, na hasa baada ya Marekani kuondoa vikwazo vya biashara mwaka 1994, soko la Dan Sinh katika Jiji la Ho Chi Minh likawa maarufu kwa mabaki ya vita, ya kweli na ya kutengenezwa jana. Wakusanyaji walikuja na vipimo vyao. Kimoja ni taa ya urujuanimno: nyuzi na vitambaa vyenye kemikali za kung'arisha huwaka chini ya taa hiyo, na kwa kuwa kemikali hizo zilienea baada ya Vita Kuu ya Pili, beji ya 1943 inayowaka hutiliwa shaka. Kwa beji za Vietnam kipimo hicho ni dhaifu, maana mwaka 1967 nyuzi za polista na sabuni za kung'arisha zilikuwa za kawaida. Beji halisi iliyofuliwa mara moja tu inaweza kuwaka kama taa. Kipimo kingine ni ukingo: uliozungushiwa uzi mnene na mashine ya kiwandani, au uliokatwa kwa mkasi. Nacho kinatenganisha kiwanda na fundi, hakitenganishi 1968 na 1998. Na hapo tunafika kwenye swali gumu. Ikiwa fundi yuleyule, kwa cherehani ileile, alishona beji ileile miaka thelathini baadaye kwa ajili ya mtalii, tunaita bandia kitu gani?

Jibu langu ni kwamba uhalisi haumo katika kitambaa. Umo katika mkutano uliokizaa. Beji ya 1968 ilitokana na baharia aliyeagiza, fundi aliyeshona na kikosi kilichovaa. Ya 1998 ilitokana na mtalii na kumbukumbu. Zote mbili ni ushahidi wa kweli, ila wa mambo mawili tofauti, na kosa ni la anayeuza moja kwa jina la nyingine. Kinachoweza kuzitenganisha ni ushahidi wa kandoni: picha ya baharia akiwa ameivaa, barua aliyoituma na beji ndani yake, alama za sindano na jasho kwenye shati ambalo haijatolewa. Ndiyo maana naumia kuona beji zikibanduliwa kwenye mashati ili zipangwe vizuri ndani ya fremu za kioo. Anayefanya hivyo anaokoa sura na kuitupa historia. Shati kuukuu lenye beji tatu zilizofifia, mfuko uliochanika na jina la mvaaji ni waraka. Beji tatu safi kwenye kioo ni mapambo. Filamu nayo imechangia. Tangu *Apocalypse Now* ya Francis Ford Coppola ilipotoka mwaka 1979, ikiwa imepigwa picha Ufilipino, watu wengi duniani wanaijua boti ya mtoni kwa safari ile ya kubuni, na mnunuzi anayekwenda sokoni akitafuta filamu huuziwa filamu.

Pingamizi la tatu ndilo ninaloliheshimu zaidi. Linasema: mwenye sampani hakuwa na beji. Ukiandika historia ya mto kwa alama za waliokuwa na bunduki, umewafuta waliokuwa na nyavu. Pingamizi hili lina nguvu kwa sababu kazi kubwa ya boti hizi haikuwa mapigano. Ilikuwa ukaguzi. Mwaka 1967 peke yake kikosi cha doria kilikagua zaidi ya vyombo 400,000. Kila kimoja kilikuwa na familia iliyosimamishwa mbele ya mitutu, ikatakiwa kutoa vitambulisho, ikafunuliwa mapipa ya mchuzi wa samaki na magunia ya mchele. Usiku kulikuwa na amri ya kutosafiri mtoni, na anayesogea gizani alihesabiwa adui, hata kama alikuwa anawahi soko la alfajiri au anampeleka mzazi kwa mkunga. Kwetu, ambako wazee walilijua neno kipande, kitambulisho cha kikoloni, na uzito wake shingoni, hali hiyo haihitaji tafsiri. Na jina lenyewe la operesheni, Game Warden, ni askari wa wanyamapori. Afrika Mashariki inamjua mtu huyo: anazunguka eneo lake, anakagua vibali, anakamata majangili. Waliobuni jina hilo huenda walifikiria tu mto kama hifadhi ya kulindwa, lakini ndani ya mfano huo mkulima wa delta hana nafasi yoyote zaidi ya kuwa mnyama au jangili.

Yote hayo nayakubali, na hata naongeza. Kingo za mito zilinyunyiziwa dawa za kukausha majani ili zisifiche wavamizi. Admirali Elmo Zumwalt, aliyeongoza mabaharia wa Marekani nchini humo tangu 1968, aliunga mkono unyunyiziaji huo ili kuokoa maisha ya watu wake. Mwanawe, aliyekuwa nahodha wa boti ya doria, alifariki mwaka 1988 kwa saratani ambayo baba na mwana waliihusisha na dawa hizo. Wavietnamu walioishi kwenye kingo zilezile hawakuwa na mwaka wa kuondoka. Hakuna kati ya hayo lililodariziwa kwenye beji. Lakini pingamizi linapotaka tuziweke kando, nadhani linakosea njia, kwa sababu beji za fundi wa Kivietnamu ni mojawapo ya vitu vichache vya kikosi hiki ambavyo ndani yake mwenyeji yupo kama mtenda. Katika ripoti yeye ni namba ya waliokaguliwa, waliokamatwa, waliouawa. Kwenye beji yeye ndiye aliyechagua uzi mwekundu, aliyelipa joka makucha, aliyepanga bei na kupokea pesa, na pengine jioni ileile alivuka mto na kupekuliwa na mteja wake. Si lazima kwamba aliipenda kazi hiyo. Alikula kwayo. Kumwona ni kuanza kuuona mji wote uliolishwa na vita: mafundi, madobi, wauza vyakula, wakalimani, watu waliokuwa karibu mno na askari kuweza kuitwa maadui na mbali mno kuweza kuitwa washirika.

Hoja hii inapata uthibitisho wake mgumu katika miaka ya mwisho. Kufikia mwisho wa 1970 Wamarekani walikuwa wamekabidhi boti zao za doria za mtoni kwa jeshi la majini la Vietnam ya kusini. Boti zilikuwa zilezile, mifereji ileile, mabaharia wapya. Nao walivaa beji za kwao, zilizotoka kwenye cherehani zilezile, safari hii mteja na fundi wakizungumza lugha moja. Kwa zaidi ya miaka minne waliendelea na doria ambayo dunia ilikuwa imekwisha kuisahau. Kisha ikafika Aprili 1975. Saigon ilipoanguka, sare za jeshi lililoshindwa zilitapakaa barabarani, zimevuliwa na kutupwa na watu waliokuwa wakikimbia ndani ya nguo zao za ndani, na katika nyumba nyingi picha, vyeti na alama vilitiwa motoni kwa hofu ya kambi za kufundishwa upya. Mmarekani aliyerudi Ohio au Texas aliweka beji yake kwenye sanduku la viatu, na miaka hamsini baadaye mjukuu wake anaikuta humo. Mvietnamu aliyepanda boti hiyohiyo alikuwa na sababu ya kuiteketeza ya kwake. Kwa hiyo wingi wa beji zilizobaki haulingani na wingi wa watu waliofanya doria. Unalingana na nani aliruhusiwa kukumbuka.

Sehemu ya jeshi hilo la majini iliondoka. Zaidi ya meli thelathini zilikutana karibu na kisiwa cha Con Son zikiwa na takriban watu 30,000, askari na familia zao, zikavuka bahari kuelekea Subic nchini Ufilipino zikisindikizwa na meli ya Kimarekani USS Kirk. Serikali ya Ufilipino ilikuwa tayari imewatambua watawala wapya na haikutaka meli za nchi isiyokuwepo ziingie bandarini mwake. Ikapatikana njia moja tu: meli zirudishwe kuwa mali ya Marekani. Tarehe 7 Mei 1975, nje ya bandari, bendera ya manjano yenye mistari mitatu myekundu iliteremshwa kwenye kila meli huku watu wakiimba wimbo wa taifa lao kwa mara ya mwisho juu ya sitaha hizo, na majina ya meli yakafunikwa kwa rangi.